UZI: Kabla hujanunua pedali ya nane, geuka nyuma uangalie boksi la spika (kwa wapiga gita wa roki nzito)

NyuziSita:

Wakuu, habari za wikiendi.

Leo nina maneno mengi, mwenye haraka apite tu, sitanuna. Nimeona vijana wengi humu wanauliza "pedali gani ya metali ni kali?" (Pedali ni kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gita; metali ni roki nzito.) Majibu yanamiminika, majina ishirini, na hakuna hata mmoja anayemuuliza mhusika hiyo sauti anaitolea wapi. Mimi nimepita njia hiyohiyo na imenila hela.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wa kwanza wa kupiga muziki mzito nilikuwa na pedali saba na sina ampu (kikuza sauti cha gita). Mazoezi tulifanyia ukumbi wenye vyombo vya harusi: miksa, paweampu, spika mbili ndefu zenye twita (vispika vya sauti za juu). Nachomeka gita kwenye pedali ya distosheni (ya kukwaruza sauti), distosheni kwenye miksa, nakandamiza uzi wa sita, kinachotoka ni nyuki kwenye debe. Mpiga ngoma wetu akawa ananiuliza kwa upole, "Kaka, hicho chuma chako hakijaungua kweli?" Mimi nikaamini tatizo ni pedali. Natafuta nyingine. Nayo nyuki.

Siku moja jamaa mmoja akaja na ampu ya kuazima na boksi lenye spika moja ya gita ya inchi 12. Nikachomeka pedali yangu ya bei ndogo kuliko zote, ya plastiki. Ukuta! Suruali inatikisika. Nilikaa chini kwenye kreti la soda nikaanza kupiga hesabu ya hela nilizochoma.

Sababu yake ni hii. Spika ya gita haitoi kila inachopewa. Ukivuka kilohezi 5 hivi inaanza kuporomoka, na twita haina. Distosheni yenyewe inazaa makelele mengi sana ya juu, na spika ya ukumbini inayatoa yote kwa uaminifu. Spika ya gita ni chujio la chai: majani yamo kwenye sufuria, kikombeni hayafiki. Ukinywa bila chujio usimlaumu aliyechuma majani.

Kwa hiyo mimi nanunua kuanzia nyuma kuja mbele. Spika, boksi, ampu, ndipo pedali.

Jina mtakalosikia kila kona ni spika ya Celestion Vintage 30, kwa kifupi V30. Jina lisikudanganye, si ya zamani hivyo, imetoka 1986. Inabeba wati 60 na ina uzito wa karibu kilo 5. Sifa yake ni midi (sauti za katikati) ya juu inayojitokeza. Hiyo ndiyo inayopenya katikati ya ngoma na bezi hadi gita lisikike. Ubaya wake ni huohuo. Uko peke yako chumbani na umepandisha trebo (sauti za juu), inakutoboa masikio. Ya pili ni G12T-75, imo kwenye maboksi mengi ya Marshall 1960 (hiyo 1960 ni namba ya modeli, si mwaka): wati 75, chini imejaa, midi imerudi nyuma kidogo. Halafu kuna Greenback, wati 25 tu, laini, tamu kwa roki ya zamani na kwa metali ya dum inayotembea taratibu. Ila ukiipa ampu ya wati 50 ikiwa peke yake, umeiandalia msiba.

Kitu ambacho wauzaji hawakisemi: V30 imeandikwa desibeli 100 kwa wati moja, G12T-75 imeandikwa 97. Tatu unaiona ndogo. Lakini kuongeza desibeli 3 kwa upande wa ampu lazima wati ziwe maradufu. Maana yake ampu ya wati 50 kwenye V30 inapiga kelele sawa na ya wati 100 kwenye ile nyingine. Sasa fikiria ipi ni rahisi kupakia kwenye bajaji.

Boksi: kwa muziki mzito nyuma ifungwe. Nyuma ikiwa wazi, hewa inayosukumwa mbele na ile ya nyuma zinakutana na kuuana, na kinachokufa kwanza ni besi, yaani sauti za chini. Kwa bluzi ni raha, kwa rifu (kipande cha gita kinachorudiwarudiwa) ya kukabwa na kiganja utaisikia inalegea kama kamba ya nguo. Na si lazima spika nne. Ule mtindo wa kupandanisha maboksi mawili ya spika nne umetokana na kelele za katikati ya miaka ya 60 kule London. Pete Townshend, mpiga gita wa The Who, alimtaka Jim Marshall, mtengenezaji wa ampu, amtengenezee boksi la spika nane, akapewa, wabebaji wakagoma, likagawanywa mawili yanayopandana. Marshall 1960 moja ni kama kilo 36. Spika mbili zinatosha kabisa kwa ukumbi wowote nitakaokaribishwa mimi.

Langu nimechongesha kwa maseremala wa Keko, Dar. Nilimkuta fundi anamalizia kitanda cha sita kwa sita, akauchungulia mchoro wangu, matundu mawili ya duara, akasema, "Hili banda la njiwa mbona halina mlango?" Marine board ya milimita 18, upana sentimita 75, kimo 50, kina 36. Karatasi moja ya futi nane kwa nne ilitosha na kipande kikabaki. Matundu ya milimita 283, aliyachora kwa msumari na uzi. Gundi na skrubu, hakuna msumari hata mmoja. Jioni tukafanya kitu ambacho nawashauri wote: kabla ya kufunga spika ya mwisho, ingiza tochi inayowaka ndani, ziba tundu lililobaki kwa blanketi, zima taa. Langu lilionyesha mstari mwembamba wa mwanga kwenye kona ya chini kulia. Pale hewa ingepiga mluzi. Tukaziba kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao.

Pedali nitazileta baadaye, naitwa kula.

KijitiChaNgoma:

Niko siti ya mbele na kahawa yangu. Mimi ni mpiga ngoma, leo wapiga gita mnasemwa, raha iliyoje.

MtotoWaDijitali:

Mkuu heshima yako, lakini mambo ya maboksi ni ya wazee. Siku hizi kuna mashine za dijitali zinazoiga ampu, Kemper, Axe-Fx, HX Stomp, unabeba kwenye begi la shule. Ndani yake kuna sauti za maboksi yote uliyoyataja na usiyoyataja. Nachomeka kwenye miksa hiyohiyo ya harusi, hakuna nyuki. Keko ya nini?

NyuziSita:

Kaka MtotoWaDijitali, hatupingani hata kidogo. Hiyo mashine haina nyuki kwa sababu ndani yake kuna kile wanachokiita IR, yaani picha ya sauti ya boksi halisi lililorekodiwa kwa maikrofoni. Ina maana hata wewe umenunua boksi, lako tu halihitaji seremala. Jaribu kuizima hiyo IR uchomeke kwenye miksa, uje utusimulie.

Anayeishi nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja na jirani, hiyo ndiyo njia, namuunga mkono. Anayekwenda kupiga ukumbini ambako hajui spika za mwenye ukumbi zina hali gani, abebe boksi lake. Mimi nimewahi kukuta twita zote mbili zimekufa na mwenye ukumbi ananiambia "hapa hata kwaya wanaimbia."

PwaniChuma:

Shikamooni wakubwa. Nipo Mombasa. Nyongeza moja kuhusu mbao: msidanganyike na chipboard hata kama imevishwa ngozi nzuri. Boksi langu la kwanza lilikaa stoo msimu mmoja wa mvua, unyevu wa huku mnaujua, chini likafura kama mkate uliolowa chai. Skrubu zikawa zinang'oka kwa vidole. Marine board, na chini uweke miguu ya mpira lisiguse sakafu.

DadaBezi254:

Niaje wadau. Nipige ripoti kutoka Nairobi. Mimi hupiga bezi kwa bendi ya metali, na kabla mtu aulize, ndiyo, metali iko Kenya na imekuwa kwa miaka. Duma walitoa albamu 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala na ikasikika hadi Ulaya. Kampala penyewe kuna Vale of Amonition wanaopiga dum. Kwa hivyo si sisi wa kwanza.

Maswali mawili. Moja, naweza tumia boksi lako la V30 kwa bezi? Mbili ni onyo badala ya swali. Nililetewa ampu kutoka Marekani, nikaona plagi haitoshei, muuzaji akanipa adapta ya plagi pekee. Nilichomeka kwa stima ya kwetu, volti 240. Ampu ilikuwa ya 120. Ilisema "pu" mara moja, moshi kidogo, harufu ya samaki. Angalieni nyuma ya ampu kabla ya kitu chochote, na adapta ya plagi si transfoma.

NyuziSita:

Pole sana dada. Bezi hapana. Ukizidisha sauti, koni ya spika ya gita itasafiri mbali kuliko ilivyoumbwa. Tafuta boksi la bezi lenyewe. Halafu kama nyuzi za gita lenu zimeshushwa tuni hadi C au B, mwambie mpiga gita apunguze besi yake akuachie wewe. Uzito wa bendi unatoka kwako, yeye ni meno tu. Wapiga gita hatupendi kuambiwa hivi.

DogoWaMoro:

Shikamoo mkuu NyuziSita. Mimi bado mwanafunzi, nina gita na kiampu cha wati 15. Naomba kueleweshwa mambo ya omu, naona nyuma ya spika imeandikwa 8, nyingine 16. Nikikosea nini kinaungua?

FunditransfomaTMK:

Hapo niachieni mimi, ndio ugali wangu.

Dogo, omu ni ukinzani ambao ampu inaukuta mbele yake. Ukiunganisha spika mbili kwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, omu zinagawanywa kwa mbili: 16 mbili zinakuwa 8, 8 mbili zinakuwa 4. Ukiziunganisha kwa mfuatano zinajumlishwa: 8 mbili zinakuwa 16. Boksi la spika nne huwa lina jozi mbili za mfuatano zilizounganishwa kwa sambamba, ndiyo maana spika nne za 16 zinarudi kuwa 16 ileile.

Ampu ya transista: usishuke chini ya omu iliyoandikwa. Ukiwa juu yake hakuna ubaya, sauti itapungua tu. Ampu ya valvu (zile taa za kioo ndani): linganisha na swichi au tundu lake, na USIIWASHE ukaipiga bila spika. Narudia kwa sababu nimezika transfoma nyingi: bila spika nguvu haina pa kwenda, inarudi nyuma na kuchoma transfoma ya kutolea. Hiyo transfoma ni moja ya vitu vya gharama kubwa kwenye ampu yote.

Ukipima kwa mita, spika ya 8 itakuonyesha 6 na ushei, ya 16 itaonyesha 12 au 13. Usishtuke ukadhani ni feki. Mita inapima waya uliotulia.

Kujua chanya ya spika isiyo na alama, chukua betri ya redio ya volti 1.5, gusisha kwa sekunde moja. Koni ikiruka mbele, upande uliogusa na chanya ya betri ndio chanya. Ikirudi ndani, geuza. Spika mbili ndani ya boksi moja zikipishana, moja inasukuma na nyingine inavuta, besi yote inayeyuka, nawe utaanza kulaumu pedali.

Na waya wa kutoka ampu kwenda boksi uwe wa spika, nyuzi mbili nene. Ule wa gita ni mwembamba, unapata moto. Nimeuona umeyeyuka.

KijitiChaNgoma:

Transfoma kuzikwa 😂😂 Fundi unatutisha.

NyuziSita:

Fundi asante, umenipunguzia kurasa mbili. Sasa pedali kama nilivyoahidi.

Kwanza muelewe kuna matumizi mawili tofauti. Ipo pedali inayotengeneza distosheni yenyewe, na ipo inayoisukuma ampu ambayo tayari inakoroma. Mkanganyiko mwingi unatoka hapa.

Ya kusukuma, mama yao ni Ibanez Tube Screamer, ile ya kijani. Mtu akiisikia peke yake anaidharau: laini, puani puani. Kumbe kazi yake kwenye metali ni kukata besi na kuinua midi, kilele chake kiko kwenye hezi 720 hivi. Weka gein (kiasi cha kukwaruza) sifuri, levo (ukubwa wa sauti) mwisho, toni katikati, chomeka mbele ya ampu yenye distosheni yake. Uzi mzito ukiukaba kwa kiganja unakatika safi, tako, tako, badala ya buum. Besi inayoingia kwenye distosheni ndiyo inayoleta matope. Ikate kabla, uirudishe baadaye kwa ampu na boksi. Hiyo sentensi moja ingeniokolea pedali tano. Wasio na hela, Behringer wana TO800 ya plastiki. Swichi yake itachoka mapema lakini sauti ipo.

Sasa tamu yangu, Boss HM-2. Ilitengenezwa 1983 hadi 1991, na kusema kweli kwa lengo lake ilishindwa: walitaka ikupe Marshall kwenye kiboksi, watu wakaona kama msumeno. Sweden, vijana wa Stockholm wakafanya ambalo kitabu cha maelekezo hakikusema. Wakazungusha nobu zote nne hadi mwisho. Studio ya Sunlight, kwa Tomas Skogsberg, bendi ya Entombed wakarekodi albamu yao ya kwanza ya 1990 kwa mlio huo, na deth metali ya Sweden ikapata sura. Hizo za zamani zikapanda bei mpaka Boss wenyewe wakairudisha 2021 kwa jina la HM-2W. Behringer wanayo HM300, ndiyo ile ya plastiki iliyonikalisha kwenye kreti la soda. Onyo: HM-2 na V30 pamoja zina meno mengi juu. Punguza trebo ya ampu mpaka uone haya, halafu punguza tena.

Metal Zone, MT-2, ya 1991. Inatukanwa mno. Nami niliitukana. Shida yake ni nobu ya midi inayozunguka kutoka hezi 200 hadi kilohezi 5, na kila mnunuzi anakimbilia kuchimba shimo katikati. Chumbani inasikika kama sinema, mazoezini gita linapotea, unabaki unacheza pantomimu. Irudishe midi juu. Kisha kama ampu yako ina tundu la efekti, chomeka MT-2 kwenye ritani (tundu la kurudishia) badala ya mbele. Inakuwa ndiyo priampu (hatua ya kwanza ya ampu), na ni kifaa kingine kabisa.

RAT ya Pro Co, imeanzia 1978 kule Kalamazoo, Michigan. Imara, unaweza kupigilia nayo msumari. Kumbuka nobu yake ya filta inakwenda kinyume: ukizungusha kulia giza linaongezeka. Wa dum wachukue Big Muff, chini pana kama lori, ila midi yake ni bonde, kwa hiyo ilipe ampu yenye midi ya kutosha.

Na hapa nimkumbuke Tony Iommi, mpiga gita wa Black Sabbath. Alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwanda cha mabati Birmingham ilipomkata ncha za vidole viwili. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki ya kuyeyusha, baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Mbele ya ampu yake ya Laney alikuwa na kitu kimoja tu, kisukuma-trebo cha Dallas Rangemaster. Kimoja. Mimi na saba zangu.

Umeme wa pedali: nyingi ni volti 9, hasi katikati, lakini soma kibandiko, pedali za zamani za fuzz nyingine zimegeuzwa. Angalia na miliampea. Distosheni ya kawaida inakula kidogo, dilei ya dijitali inaweza kula mia na zaidi. Ukizifunga zote kwenye adapta moja ya waya mrefu wenye plagi nyingi, zile za dijitali zitapenyeza mluzi kwenye distosheni. Noizi geti (pedali ya kukata kelele usipopiga), NS-2 au mfano wake, inunue mwisho kabisa, ukiwa umeshapunguza gein. Gein yangu leo ni nusu ya ile ya mwaka wa kwanza na kila mtu ananiambia nimekuwa mzito zaidi.

MtotoWaDijitali:

Hapo kwenye gein nimeguswa. Jana nimepunguza kutoka 9 hadi 5, mpiga bezi akaniuliza nimenunua nini.

DogoWaMoro:

Mkuu, kwa hiyo mimi wa wati 15 ninunue nini kwanza?

NyuziSita:

Hakuna. Angalia nyuma ya kiampu kama kuna tundu la kutolea spika ya nje na omu zake zimeandikwa. Kama lipo, nenda kaazime boksi la spika ya inchi 12 popote, hata kanisani kwa mpiga gita wao, uchomeke kwa dakika kumi. Nobu ya midi katikati, gein chini kidogo ya katikati. Ukirudi hapa ndipo tuongelee pedali.

DogoWaMoro: (wiki tatu baadaye)

Wakuu nimerudi. Tundu lilikuwepo, omu 8. Nimeazima boksi la spika moja kwa mwalimu wa kwaya, lina nyuma wazi nikaiziba kwa ubao kama mlivyosema. Mama ametoka jikoni akauliza nani amewasha mashine ya kusaga. Sijanunua pedali yoyote. Mwalimu anataka boksi lake Jumapili, kwa hiyo nachongesha langu. Mkuu NyuziSita, kwenye picha ya boksi lako nimeona magurudumu, umeyapata wapi?

NyuziSita:

Kulekule Keko, ni ya kabati la vyombo. Chukua manne yenye breki, mawili hayatoshi. Langu liliondoka jukwaani lenyewe katikati ya wimbo.